Kurudisha Siku Zilizopita: Habari za Pete Tyler na Mtoto Poppy

Kuna hadithi za namna moja ambazo vijana wetu huzitazama sana katika mabanda ya video na katika simu zao, nazo ni zile za watu wasafirio katika nyakati. Mtu huingia katika chombo, akarudi nyuma miaka 20 au 100, akayaona yaliyopita kama sisi tuionavyo milima ya Livingstone siku ya hewa safi baada ya mvua. Wazee wengi huzidharau na kusema ni upuzi mtupu. Mimi nasema hazistahili kudharauliwa zote pamoja, wala kusifiwa zote pamoja. Ziko zilizotungwa vema na ziko zilizotungwa vibaya, na tofauti yake yaweza kuonyeshwa. Leo napenda kupima mbili, zote za mchezo mmoja wa televisheni ya Uingereza, na kipimo changu ni swali hili: katika hadithi ya namna hii, mtu akitolewa sadaka ili mambo yarudi sawa, ni nani aliyekubali sadaka hiyo?

Kwanza yatupasa kulifahamu fumbo lenyewe, maana asiyelifahamu hataona kazi ya mtungaji. Tarehe 30 Julai 1946 meli iitwayo Vipya ilizama katika ziwa letu, upande wa Nyasaland, watu zaidi ya 140 wakafa maji. Sasa tuseme kwamba mmoja wao alikuwa mtu wa Matema, akaacha mjane kijana. Mjane akaolewa tena, akazaa mwana, na mwana huyo ndiye baba yako. Siku moja wapewa chombo cha kurudi nyuma, nawe, kwa huruma, warudi mpaka siku ile, wamshika mkono yule mtu wa Matema na kumzuia asipande melini. Amepona. Lakini mkewe si mjane tena, wala haolewi na babu yako. Baba yako hazaliwi, nawe huzaliwi. Na ikiwa hukuzaliwa, ni nani aliyemshika mkono? Hapana. Basi alipanda, akafa. Mjane akaolewa, ukazaliwa, ukarudi kumshika mkono. Jambo lazunguka kama mbwa afukuzaye mkia wake, wala halina mahali pa kusimama.

Watungaji walijua fumbo hili, nao hulikwepa kwa njia mbalimbali. Wako wanaojifanya hawalioni. Wako wasemao kwamba yaliyopita hayabadiliki kamwe, na kila utakalofanya huko nyuma ulikwisha kulifanya. Walio hodari zaidi hukiri kwamba kubadili kwawezekana, lakini kuna deni, na mtu fulani hana budi kulilipa. Hapo ndipo sadaka inapoingia katika hadithi hizi, na hapo ndipo zinapopata uzito au kuukosa.

Mchezo nisemao huitwa Doctor Who. Shirika la BBC lilianza kuuonyesha tarehe 23 Novemba 1963. Ukakoma mwaka 1989, ukaanza tena mwaka 2005. Mtu mkubwa katika mchezo huitwa Daktari tu. Yeye si mzaliwa wa dunia hii. Husafiri katika sanduku la buluu lifananalo na vibanda vya simu vya polisi wa zamani wa Uingereza, na ndani yake ni kubwa kuliko nje. Naye akifikiwa na mauti hafi kama sisi: mwili wake hugeuka, akapata sura mpya na tabia mpya, akaendelea. Hila hii ilianza mwaka 1966, kwa kuwa mchezaji wa kwanza, William Hartnell, alikuwa mgonjwa, na wenye mchezo hawakutaka uishe pamoja naye. Naitaja kwa sababu itatufaa mbele. Aghalabu kifo cha Daktari ni ruhusa ya mchezaji kuondoka kazini, na mtungaji huivika ruhusa hiyo vazi la sadaka.

Kisa cha kwanza kiliandikwa na Paul Cornell, kikaonyeshwa tarehe 14 Mei 2005. Jina lake ni “Father's Day”, yaani Siku ya Baba. Msichana Rose Tyler wa London anasafiri na Daktari. Baba yake, Pete, alikufa tarehe 7 Novemba 1987, wakati Rose alipokuwa mtoto mchanga. Pete alikuwa akienda arusini. Aliposhuka garini na chombo cha maua mkononi, zawadi ya maarusi, motokaa nyingine ikampiga akafa. Mama wa Rose amemsimulia bintiye siku zote kwamba Pete alikufa peke yake barabarani, na dereva hakujulikana. Kwa hiyo Rose anamwomba Daktari ampeleke, apate japo kumshika baba yake mkono anapokufa.

Alipofika, akaona, miguu ikamgoma. Akaomba kurudi mara ya pili. Safari hii alipoiona motokaa inakuja hakuweza kujizuia. Akakimbia akamsukuma baba yake kando, naye akapona.

Yanayofuata ni mazuri sana. Wanyama wenye mabawa wakatokea na kula watu, kwa kuwa jeraha limefunguka katika nyakati. Waliopona wakakimbilia kanisani walipokuwa wakiingia kwa arusi, wakafunga milango. Lakini mtungaji hapotezi muda wake mwingi kwa wanyama wale. (Wakalimani wa mabanda yetu, wanaosema juu ya sauti za wachezaji, wangekaa kwa wanyama nusu saa nzima. Wao hupenda mapigano kuliko majonzi, na kwa sababu hiyo hadithi za namna hii huharibika mikononi mwao.) Yeye anatupeleka kwa Pete. Rose alikuwa amemwaza baba yake kama shujaa. Kumbe Pete ni mchuuzi wa vikorokoro, mipango yake haifaulu, na mkewe hugombana naye mbele za watu. Pete anatambua kwamba msichana huyu ni binti yake aliyekuja kutoka siku za mbele, akamwuliza: nilikuwa baba wa namna gani kwako? Rose akamweleza baba aliyemsomea hadithi kila usiku na kumtembeza kila Jumamosi. Pete akasikiliza, akajua. Mtu huyo si yeye. Yeye anajijua, hakutimiza ahadi hata moja katika maisha yake. Ikiwa binti anasema uongo wa huruma kiasi hicho, maana yake ni moja: hakupata kumjua baba yake kabisa.

Nje ya kanisa, motokaa ile iliyopasa kumwua inatokea kila mara katika pembe ya barabara, inapita, inatoweka, inatokea tena, kama inayomtafuta mtu. Daktari alikwisha kuiona na kuelewa, lakini hakumwambia Pete, akitafuta njia nyingine ya kumwokoa. Pete aliona mwenyewe dirishani, akaelewa mwenyewe, akaaga, akachukua chombo chake cha maua, akatoka mbio mbele ya ile motokaa. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemshika. Mambo yakarudi, watu waliomezwa wakaonekana tena, na Rose akapiga magoti barabarani akamshika mkono mpaka akakata roho. Tangu siku ile masimulizi ya mama yake yalikuwa na badiliko dogo: dereva alikuwa kijana, alisimama, na msichana asiyejulikana alikaa na Pete mpaka mwisho.

Tazameni jinsi mtungaji alivyolipa deni lake. Aliyekufa amekufa. Kilichopatikana ni kidogo, ni mkono tu wa kushikwa, na kwa kuwa ni kidogo twakiamini.

Kisa cha pili ni “The Reality War”, kilichotungwa na Russell T Davies na kuonyeshwa tarehe 31 Mei 2025. Hiki kina jambo linalotugusa sisi wa Afrika ya Mashariki, maana Daktari wa wakati ule, tangu 2023 hata 2025, alikuwa Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali wa mwaka 1992. Jamaa yake walikimbia mauaji ya 1994, wakakaa Scotland, naye akakulia huko.

Habari zake ni hizi. Mtu mmoja, Conrad, amepata uwezo wa kuitamani dunia iwe kama apendavyo yeye, na dunia yake ni ya waume wakubwa na wake watiifu, wala hairuhusiwi kuona shaka. Ndani ya dunia hiyo ya matamanio, Daktari na mwenzake wa safari, muuguzi Belinda Chandra, wamekuwa mume na mke bila kujua, nao wana binti mdogo jina lake Poppy. Dunia ya Conrad ikavunjwa. Mtoto akabaki kitambo. Kisha ikaja sehemu ambayo nathubutu kuiita bora kuliko zote za mwaka ule. Daktari na Belinda wanazungumza kwa furaha juu ya safari zijazo, huku wakikunja koti dogo la mtoto na kupeana. Kila likipita mkononi limepungua. Mwisho hakuna koti, hakuna mtoto, wala hawajui kwamba wamepoteza kitu. Ruby peke yake, rafiki wa Daktari, ndiye anayemkumbuka, naye anawasihi kwa machozi wamwamini.

Sijui mtungaji alikusudia nini, wala sitamwekea maneno kinywani. Lakini sisi tuishio upande huu hatuwezi kumtazama mtu wa Kigali akiambiwa, ulikuwa na mtoto nawe umemsahau, tukabaki kama watazamaji wa London. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na mto Kagera ukaleta maiti mpaka ziwa Victoria. Katika Rwanda ziko jamaa zilizokwisha kabisa, baba, mama na watoto, hata hakubaki mtu wa kutaja majina yao. Kwa ajili hiyo kilio cha Ruby kina nguvu kuliko mizinga yote na majitu yote yaliyojazwa katika kisa kile, ambayo kwa kweli ni mengi mno, nami nayapita.

Daktari akamwamini Ruby. Akaamua kutoa nguvu ile imgeuzayo mwili, aisukume dunia digrii moja tu, ili Poppy awe na mahali ndani yake. Akafaulu, na gharama yake ikawa kuuacha mwili ule na sura ile. Mtoto akaonekana nyumbani kwa Belinda. Lakini sasa si mtoto wa Daktari. Ni wa Belinda na mwanamume mwingine, na imekuwa hivyo tangu zamani.

Hapa ndipo nasimama kama mwalimu mwenye wino mwekundu. Belinda alipoletwa kwetu mara ya kwanza, Aprili 2025, tulionyeshwa mwanamke asiyekubali kuchezewa. Adui yake wa kwanza alikuwa mchumba wake wa zamani aliyependa kumtawala. Daktari mwenyewe alipopima vinasaba vya mwili wake bila kumwuliza, alimkemea vikali, na watazamaji wote wakampenda kwa ajili hiyo. Safari yote alidai jambo moja: nirudishe nyumbani, nina kazi, nina wazazi, nina maisha yangu. Katika kisa cha mwisho twaonyeshwa tena maneno yake ya zamani, na safari hii yamebadilishwa: alitaka kurudi kwa ajili ya mtoto wake. Mwanamke aliyekataa kupimwa vinasaba pasipo ruhusa amebadilishwa mwili, kumbukumbu na miaka yake yote, wala hapana pa kumwuliza kama aliridhia, kwa sababu yule aliyepasa kuulizwa hayupo tena. Yupo mama mwenye furaha, mwenye uso ule ule. Nasi twaambiwa tufurahi pamoja naye.

Basi ni nani aliyetolewa sadaka? Mchezo wasema ni Daktari. Mimi nasema Daktari alipoteza uso, na jambo hilo limempata mara nyingi tangu 1966. Aliyetoweka kabisa ni Belinda wa kwanza, muuguzi asiye na mtoto, aliyekuwa na haki ya kukaa hivyo. Wala hakuna aliyemlilia. Hata koti lake halikukunjwa.

Watu wa kwetu hawakosi kuelewa tofauti hii, maana tuliwahi kuwa nayo katika mila zetu. Huko Lubaga, katika Selya, kulikuwa na mtu aliyeitwa Lwembe, ambaye mvua, mbegu na uzazi wa nchi vilidhaniwa kukaa katika pumzi yake. Alipougua sana, makuhani walimziba pumzi isitoke, akafa nayo ndani, nchi isije ikakauka. Kadhalika ng'ambo ya mto Songwe, kwa Kyungu wa Ngonde. Godfrey na Monica Wilson, waliokuwa katika nchi yetu kati ya 1934 na 1938, walisimuliwa na wazee habari hizi, na jinsi waliotakiwa kushika cheo cha Lwembe walivyokimbia wakipata nafasi. Chakula kilichopatikana huenda kililiwa na wote kwa furaha. Lakini wale wazee walikumbuka kwamba watu walikimbia, wakasema hivyo wazi. Hawakusema kwamba Lwembe alitaka tangu zamani. Hilo ndilo Davies alilolifanya kwa Belinda.

Yuko mtungaji mwingine wa namna hii ambaye si wa Uingereza. Katika mchezo wa Marekani uitwao Star Trek (ule wenye mwanamke aitwaye Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru) kulikuwa na kisa cha tarehe 6 Aprili 1967 juu ya Edith Keeler, mwanamke mwema wa New York wa mwaka 1930, apendaye amani. Akiishi, atachelewesha nchi yake kuingia vitani, na Hitler atashinda. Nahodha Kirk ampendaye anajua, naye anamzuia tabibu asimwokoe, motokaa ikampiga. Edith naye hakuulizwa. Lakini mchezo ule haukutuambia tufurahi. Nahodha anaondoka bila neno la ushindi, na mtazamaji anaondoka na mzigo. Kwa hiyo nasema Edith alidhulumiwa ndani ya hadithi, lakini hadithi haikumdhulumu.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu, aliposikia maneno haya alinipinga. Alisema: lakini mtoto je? Wewe ungemwacha Poppy asiwepo, ili Belinda abaki na hoja yake? Swali lake ni zito, na sikupenda kulijibu haraka. Nikamkumbusha habari za Hezekia katika kitabu cha pili cha Wafalme. Hezekia aliambiwa atakufa, akalia. Akaongezewa miaka 15, na kivuli kikarudi nyuma madaraja kumi. Manase mwanawe alipoanza kutawala alikuwa na umri wa miaka 12, yaani alizaliwa ndani ya ile miaka ya nyongeza. Kama kivuli kisingalirudi, Manase asingalikuwapo; na Manase alijaza Yerusalemu damu isiyo na hatia. Hata hivyo mjukuu wake ni Yosia mfalme mwema, na jina la Manase limo katika kizazi alichokiandika Mathayo. Mwandishi wa Wafalme hakusema ingekuwa heri Manase asizaliwe, wala hakuifuta damu ile kitabuni ili tupate kufurahia nyongeza ya Hezekia. Aliyaweka yote mawili mbele yetu.

Kwa hiyo simkatalii Poppy kuwapo. Ningetaka tu Ruby, ambaye ndiye mwenye kumbukumbu, aketi na Belinda mezani hata dakika mbili, mtoto akicheza sakafuni, amwambie: dada, ulikuwa mtu mwingine, nami nilimjua. Pengine Belinda angecheka asiamini. Pengine angemtazama mtoto, asitake kusikia zaidi. Mchezaji wake, Varada Sethu, angaliweza kuifanya sehemu hiyo; katika visa vya mwanzo alionyesha uwezo huo waziwazi. Gatwa naye alipewa nafasi ya kuaga kwa urefu, akaaga vizuri, kwa uchangamfu kuliko huzuni, akatazama nje kuelekea nyota. Siwezi kumlaumu. Lakini dakika mbili zingepatikana, kama majitu yangepunguzwa.

Mwili wa Daktari ulipogeuka mwishoni, uso uliotokea ulikuwa wa Billie Piper, mchezaji yule yule aliyekuwa Rose mwaka 2005, aliyepiga magoti barabarani akimshika Pete mkono.